Ziwa Lisilo na Kina

Mimi bahari sijaiona mpaka leo, na sasa macho yenyewe yamechoka, kwa hiyo sitaiona. Lakini niulize habari za chini yake. Nitakuambia matumbawe yanaanzia wapi na yanakatika wapi ghafla, na nitakuambia chewa mkubwa anakaa chumba gani cha meli iliyozama. Nilizijua sehemu hizo kuliko vichochoro vya Majengo, hapa Dodoma, na Majengo nimekaa tangu nilipoolewa, wakati Mwingereza bado anatawala na bendera yake inapepea pale bomani.

Aliyenijulisha ni mume wangu. Alikuwa mzamiaji. Ukilitaja neno hilo Dodoma siku zile, mjini ambako hata maji ya kunywa tuliyapangia foleni, watu walikutazama usoni kuona kama unawatania. Ameshakufa miaka mingi. Binti yetu ameniomba niandike alivyokufa, kwa sababu kila akiniuliza humjibu kwa ukali na kubadilisha mazungumzo. Basi naandika. Nina sehemu yangu katika kifo kile, na sitaki aje aisikie kwa mtu mwingine.

Sote wawili tulitoka milimani Kondoa, Haubi, Warangi kwa Warangi. Haubi kuna ziwa, na yeye alikulia ndani yake. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alimfua pamoja na nguo, maana hakutoka majini. Tulipohamia mjini alipata kazi kwa Mhindi mmoja wa duka la nafaka, kushona magunia na kuyapakia. Huyo Mhindi alikuwa na shemeji yake Dar es Salaam mwenye mashua, na shemeji huyo alishirikiana na Mzungu aliyekuwa akitoa shaba kwenye meli zilizozama nje ya bandari. Walitafuta mtu mwenye nguvu asiyeogopa maji. Mhindi akasema, "Mimi ninaye. Huyu ametoka ziwani." Kwa hesabu yake maji yote yalikuwa ni yale yale.

Mwanzoni alivuta kamba na kujaza hewa kwenye mitungi, ile ya chuma ambayo mzamiaji huibeba mgongoni. Watu wa pwani walimcheka hadi wakachoka. Mtu wa bara, tena wa milimani, amekuja kuwafundisha bahari! Aliyemwonea huruma ni mzee mmoja wa mashua ile, mzamiaji tangu enzi za kuvaa kofia ya shaba kichwani na buti za risasi miguuni. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kupumua chini ya maji, na kupanda taratibu, na kutulia njiani kabla ya kufika juu. Alimfundisha pia kwamba mtu aliyetoka kwenye kina kirefu asiondoke pwani siku hiyo. Alale kwanza, mwili utulie, hewa aliyoivuta chini imtoke taratibu. Mzee alikuwa amemwona mwenzake mmoja akiondoka haraka kwenda bara na kurudi hatembei.

Haya yote niliyasoma katika barua. Mume wangu alikuwa na mwandiko mbaya na maneno mazuri. Alipoanza kuzama mwenyewe, kila barua ilikuwa ni safari. Sehemu walizozamia zilikuwa tatu. Ya kwanza waliiita Bustani, kina kifupi, jua linafika mpaka chini na samaki wana rangi kama khanga za sikukuu. Ya pili waliiita Ukuta. Hapo matumbawe yanaisha na kushuka wima kwenye giza. Aliniandikia: "Simama ukingoni mwa korongo lile kubwa la kwetu, jirushe, halafu usianguke. Huo ndio Ukuta." Ya tatu ilikuwa Meli yenyewe, iliyozamishwa katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, imelala ubavu pima ishirini chini. Ndani yake mlikuwa na jiko, na jiko hilo lilikaliwa na chewa mzee mwenye mdomo kama mfuko, ambaye hakumpisha mtu. Alisema kila akiingia mle anamwamkia kwanza.

Mimi nilimjibu kwamba nimefurahi kusikia chewa ana jiko, kwa sababu mimi sina. La kwangu paa lilichukuliwa na upepo na ninapikia kwa jirani. Ndivyo nilivyokuwa. Mdomo wangu haukujua kunyamaza. Alinitumia mabati, pamoja na barua iliyosema chewa anakusalimu.

Nilizisoma barua hizo bombani, foleni ikiwa ndefu. Wanawake wa Majengo walizipenda. Nikitokea tu na debe langu walianza, "Leo mumeo kazama wapi? Bustani au Ukuta?" Lakini walikuwa na upande wao mwingine pia. Mmoja wao, aliyekuwa ameachwa na mume aliyekwenda Tanga kukata mkonge, aliniambia, "Shoga, mwanamume haandiki uzuri wa mahali hivyo kama hakuna anayempikia mahali hapo." Nilicheka na wenzangu. Kisha nikarudi nyumbani na maneno hayo, nikakaa nayo.

Nikapata mimba. Akaja, akaondoka. Idi ikapita hakuja, alisema Mzungu amewazuia. Mama yake alishuka kutoka Haubi kunisaidia kujifungua, na nikajifungua mtoto wa kike salama, wakati wa mvua. Kwetu mtoto akifika siku ya saba ananyolewa, anapewa jina, anachinjiwa, na baba awepo. Nilimtumia habari kwa kondakta wa gari moshi. Siku ya nne ikafika, kimya. Mawazo ya yule wa bombani yakanipanda kichwani.

Mzazi wa siku nne hatoki nje. Mama mkwe alinishika mkono mlangoni, akaniambia nitajiua. Nilijifunga khanga mbili, nikamwachia mtoto, nikaenda kwa miguu mpaka posta huku tumbo likiniuma, nikamtajia karani maneno ya kupeleka kwa simu ya maandishi: MTOTO WA KIKE. UFIKE SIKU YA SABA. USIPOFIKA USIJE TENA.

Karani aliandika, akasimamisha kalamu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. Akasema, "Dada, haya ya mwisho tuyaache? Ya kwanza yanatosha."

"Andika kama nilivyosema," nikamwambia.

Siku ya saba asubuhi mume wangu alishuka kwenye gari moshi, na kabla jua halijawa kali alikuwa mlangoni na kapu la nazi. Nilifurahi, na nilifurahi vibaya, furaha ya mtu aliyeshinda. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Umeona? Ukitakiwa unakuja." Akacheka. Alimchukua mtoto akamtazama muda mrefu, akasema ana pua ya Kirangi. Niliona anajikuna mikono, na bega la kushoto analishika shika. Nikamuuliza. Akasema ni kapu, lilikuwa zito.

Akika ikafanyika. Alisimama vizuri, akapokea wageni. Jioni magoti yalianza kumuuma kwa ndani, na kesho yake alisema miguu inamwasha kama imekaliwa. Siku ya tatu alishika ukuta kwenda chooni na mkojo ukagoma kutoka. Hapo ndipo aliponiita na kuniambia, taratibu, bila kelele, "Mke wangu, nirudishe pwani. Gari la kesho. Haya maumivu dawa yake iko kule kule chini. Nikishushwa kwenye kina, yataachia."

Nilimwuliza, "Nani anakungoja pwani?"

Ndilo swali nililomuuliza. Mtu hawezi kukojoa, mimi namwuliza habari za mwanamke. Akasema hakuna mtu, ni mwili wake. Kitu kimemwingia mwilini huko chini nacho hakikupata muda wa kutoka. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini anasikiliza. Aliposikia kitu kimeingia mwilini baharini, kwake mambo yote yakawa wazi: mwanawe amekaliwa na jini la bahari, na jini ndilo linalodai kurudishwa kwao. Naye alikuwa mama mwenye mapenzi, hakuna aliyempenda mtu yule kuliko yeye. Akasema, "Anayetaka kumtoa mtu baharini hampeleki baharini. Tunampandisha nyumbani."

Hapa ndipo nataka binti yangu asome polepole. Mimi niliyasikia mambo ya jini na sikuyaamini sana. Nilikuwa nimefika darasa la nne. Lakini yalinifaa. Mama mkwe alitaka kumweka mbali na jini, mimi nilitaka kumweka mbali na mwanamke niliyemtunga mwenyewe kichwani, na sote wawili tukakubaliana njia moja. Mume wangu alikataa siku nzima. Kisha akanyamaza, kwa sababu mtu asiyeweza kusimama anapelekwa.

Tulipata lori la kwenda Kondoa. Tulimlaza juu ya magunia, mama yake ameshika kichwa, mimi nimekaa miguuni na mtoto mgongoni. Mpaka Chemba alivumilia. Njia ilipoanza kupanda aliuma khanga. Kila kilima tulichopanda aliniambia, "Tunakwenda juu. Mnanipeleka juu." Nilimfuta jasho, nikamwambia tunakaribia. Kutoka Kondoa mdogo wake na vijana wa kwao walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka Haubi, ambako ni juu zaidi, juu kuliko mahali pengine pote alipowahi kuishi. Baridi ya kule unaijua. Mama yake alifurahi kwamba amemfikisha.

Miguu ilikufa kabisa wiki ile. Akaja msaidizi wa daktari, akamgonga magoti, akasema baridi yabisi, akaacha dawa ya kuchua. Tukamchua. Akaja pia mtaalamu wa mama mkwe, akafukiza, akasoma, akapokea kuku wake. Mume wangu alikubali kila kitu kwa adabu. Siku moja tu aliomba kitu. Alimwambia mdogo wake, "Nipelekeni ziwani."

Ilikuwa asubuhi, kumetulia. Mdogo wake na jamaa mmoja walimbeba na kitanda chake mpaka ukingoni. Alitaka jiwe la kukumbatia, wakamtafutia. Walimwingiza majini wakimshikilia kwapani, wakaenda naye mpaka maji yakawafika wao kidevuni, akawaambia wamwachie. Akazama na jiwe.

Nilikuwa ukingoni na mtoto. Sijawahi kuona maji yakitulia namna ile. Mdogo wake aligeuka kunitazama, roho iko juu juu, nikamwonyesha kwa mkono asubiri, maana katika barua alikuwa ameniambia anaweza kukaa chini bila hewa kwa muda wa kusoma Yasini nusu. Nikaanza kuisoma. Sikufika mbali, akatokea, uso wote una tope. Wakamvuta mpaka kwenye nyasi. Alikuwa analia, na mimi sikuwahi kumwona akilia.

"Halina kina," akasema. "Nilipokuwa mtoto nilidhani halina mwisho. Nimezama nikashika matope, mkono nikiunyoosha nagusa juu. Halina kina hata kidogo."

Hapo nikaelewa. Kweli nilichelewa, lakini nikaelewa. Mtu hazami na jiwe kwenye tope la kwao kwa ajili ya mwanamke wa Dar es Salaam. Alikuwa akitafuta uzito wa maji tu, kama mtu anavyobonyeza kwa mkono mahali panapomuuma. Nikamwambia mdogo wake atafute lori siku ile ile. Nikamwambia mama mkwe kwamba namrudisha pwani na akitaka anipige. Hakunipiga. Alikaa chini akajishika kichwa.

Mvua ilikuwa imekata barabara. Korongo moja lilikuwa limekula njia upande mmoja na lori la kwanza likakwama. La pili halikuja. Siku zikahesabika, wiki zikahesabika. Barabara ilipofunguka, nilikwenda kumwambia tumepata nafasi, akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Acha, mke wangu," akasema. "Imeshapita."

Aliishi mpaka mavuno ya mtama. Nilimgeuza, nikamsafisha vidonda, nikamlisha. Tulizungumza sana, kuliko miaka yote tuliyokaa pamoja. Alinirudisha kwenye Bustani na Ukuta mara nyingi, na mtoto akilala kifuani kwake. Siku moja nikajitia nguvu nikamwuliza, kwa nini hakulala pwani kama mzee alivyomfundisha? Akasema, "Gari lilikuwa linaondoka." Nikamwuliza tena, akajibu hivyo hivyo. Alikufa mchana, wakati nimekwenda kisimani, na mama yake ndiye aliyemfumba macho. Tulimzika kwenye mteremko unaotazama ziwa kwa sababu ndipo makaburi yao yalipo. Mimi ningekuwa na amri, nisingemzika hapo.

Nilimaliza eda, nikarudi Majengo na mtoto. Bombani hawakuniuliza kitu. Hata yule aliyeachwa alinipisha mbele ya foleni, na nilimchukia zaidi kwa wema huo.

Mwaka haujaisha, Mhindi wa duka la nafaka alimleta mgeni mlangoni kwangu. Mzee mrefu, mwembamba, kanzu imepauka, anatetemeka baridi kwenye hali ya hewa ambayo sisi tunaiita joto. Nilijua ni nani kabla hajafungua mdomo. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhani. Nimechelewa, nisamehe. Habari ilinifikia juzi juzi tu."

Nilimkaribisha ndani, nikampa chai. Alimpakata mtoto, akamtazama, akasema pua hii anaijua. Kisha akaniuliza ugonjwa ulivyokuwa, nami nikamweleza wote: bega, magoti, mkojo, lori, milima. Alisikiliza akitikisa kichwa. Nilipofika kwenye milima akaacha kutikisa.

"Mlimpandisha?" akauliza.

"Tulimpandisha."

"Hakuwaambia mumshushe?"

"Alituambia."

Nikamwuliza, tungemrejesha siku ile aliyotuomba angepona? Alikuwa mtu mkweli. Akasema hajui. Wapo aliowaona wakipona, wapo aliowaona wakibaki walemavu, na wapo waliokufa mashuani. "Lakini juu," akasema, "juu sijamwona mtu akipona."

Nikasema basi Mzungu ndiye aliyemfanyia haya, kwa kumzamisha mara tatu katika siku moja, kama marehemu alivyonisimulia, na kumpakia kwenye gari jioni. Nilitaka sana iwe hivyo. Mzee aliweka kikombe chini.

"Hapana, mwanangu. Tuseme kweli. Mzungu alisema kazi ya Meli iishe, kisha aende kwa gari la siku ya pili. Yeye ndiye aliyetaka kuimaliza siku ile ile. Alizama asubuhi, akazama adhuhuri, akazama alasiri. Nilimshika mkono pale pwani nikamwambia, lala, hata usiku mmoja. Akasema hawezi, akanionyesha karatasi."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ina madoa ya chumvi. Aliikuta kwenye shati la kazi ambalo mume wangu alilitundika mashuani akalisahau, akaitunza kwa kuwa aliona mwenyewe aliithamini.

"Mimi herufi hizi sizijui," mzee akasema, "lakini alinisomea. Alikuwa anacheka. Alisema, huyu mke wangu mkali, mzee, huyu nikichelewa kweli hanifungulii mlango. Akaenda anakimbia na kapu lake."

Niliichukua. Maneno yote yalikuwepo, hata yale ambayo karani aliniuliza kama tuyaache. Nilikaa nayo mapajani. Mtoto alimpapasa mzee ndevu, naye alimwachia. Akanywa chai yake iliyopoa, kisha akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayetafuta neno lolote la kumfariji mjane:

"Angalau aliwahi? Siku ya saba alifika?"

"Aliwahi," nikamwambia. "Alifika mapema. Hata ubani tulikuwa bado hatujauwasha."